Kombora la kudungua limekosa shabaha angani: namna ya kutafuta chanzo

Taarifa ya jaribio lililoshindwa huwa na sentensi moja: kombora la kudungua halikuigonga shabaha. Sentensi hiyo ni ya kweli, ila haimsaidii fundi hata kidogo. Kutogonga ni dalili ya mwisho kabisa ya tatizo ambalo huenda lilianza dakika kumi kabla, au mwaka mzima kabla, mezani pa mtu aliyekuwa akikaza bolti.

Kabla hujamsikiliza yeyote mwenye nadharia, tafuta sekunde. Ni sekunde ya ngapi tangu kurushwa ndipo kitu cha kwanza kilipokwenda kinyume na ratiba? Sisemi kitu kikubwa kuliko vyote, nasema cha kwanza. Sekunde hiyo ina faida mbili. Inapunguza orodha ya washukiwa kutoka mamia hadi wachache. Pia inakuonyesha mpaka wa kile ulichokijaribu, kwa sababu kila kifaa ambacho zamu yake ilikuwa baada ya sekunde hiyo hakijajaribiwa, hata kama kilikuwemo ndani ya kombora na kikapaa nalo. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi.

Safari yenyewe iko hivi. Shabaha, yaani roketi inayoigiza kombora la adui, hurushwa kwanza, kwa mfano kutoka Kwajalein katikati ya Bahari ya Pasifiki au kutoka Kodiak huko Alaska. Rada na setilaiti huiona, kompyuta hupiga hesabu, ndipo kombora la kudungua linapotoka: kwenye shimo la ardhini kama lile la Vandenberg, California, au kwenye meli ikiwa ni la aina ya SM-3. Roketi zake huwaka hatua kwa hatua. Nje ya anga la hewa, hatua ya mwisho hukiachia kichwa cha kugonga. Kichwa hiki hakina baruti wala bomu. Kile cha kombora la GBI la Marekani kina uzito wa kilo 64 hivi na urefu wa mita 1.4 hivi. Huangalia kwa vihisi vya joto, hutafuta nukta inayong'aa, kisha hujisogeza kwa visukumizi vyake hadi kijibamize kwenye shabaha. Vikikaribiana kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde, mgongano huwa na nishati ya karibu robo tatu ya tani ya TNT. Lakini kwa kasi hiyo hiyo, elfu moja ya sekunde ni mita 10, nacho kichwa chenyewe ni mita 1.4 tu. Ndiyo maana hitilafu ndogo mno hapa haiwezi kupuuzwa.

Kabla ya kugusa chochote

Mabaki hayarudi. Kombora likigonga husagika, likikosa huungua au huzama. Shahidi wako ni data zilizorushwa kwa redio wakati wa safari, pamoja na zile za rada, kamera na vyombo vingine vilivyokuwa vikitazama. Kila kituo kina saa yake, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzioanisha saa zote ziwe saa moja. Nimeona mabishano marefu yakiisha mara tu watu walipogundua kwamba tukio la upande mmoja na tukio la upande wa pili ni tukio lile lile, ila saa zilipishana kidogo.

Shahidi wa pili ni pacha wa kombora lililopotea: lile lililoundwa kwenye kundi hilo hilo, kwa mikono hiyo hiyo, na bado liko ghalani. Lifungie. Asilifungue mtu hadi orodha ya washukiwa iandikwe, kwa sababu fundi mwenye nia njema akiikaza nati iliyolegea amekuwa ameufuta ushahidi pekee uliobaki.

Na usianze kutengeneza kitu usiku huo huo. Wakubwa watakuwa wakiuliza lini mtarusha tena. Wajibu kwa ratiba ya uchunguzi, si kwa tarehe ya kurusha.

Dalili: shabaha ndiyo iliyoharibika

Hili lipite haraka, lakini lipite la kwanza. Mei 2007, katika jaribio la FTG-03 (FTG, na kabla yake IFT, ni majina ya majaribio ya mfumo wa GBI), shabaha haikufika mbali ilivyotakiwa, na kombora la kudungua halikurushwa kabisa. Desemba 2009, kwenye jaribio la THAAD, mfumo mwingine wa Marekani wa kudungua makombora, shabaha ilidondoshwa kutoka kwenye ndege ya mizigo aina ya C-17, injini yake haikuwaka, ikaanguka baharini. Hakuna cha kuchunguza kwenye kombora la kudungua hapo. Andika kwamba jaribio halikufanyika, usiandike kwamba limeshindwa wala limefaulu, uende ukamshughulikie mwenye shabaha.

Aina ya pili ya tatizo hili ni ya hatari zaidi kwa sababu huja na shangwe. Desemba 2008, FTG-05 iligonga shabaha sawasawa, ila vile vitu vya kudanganyia vilivyokuwa vitoke kwenye shabaha havikutoka. Kichwa kiligonga, ndiyo, lakini swali lililopelekwa huko juu lilikuwa kama kitaweza kuchagua kilicho cha kweli katikati ya vya uongo, na swali hilo lilirudi bila jibu. Kwa hiyo kila jaribio liandikiwe safu mbili: tuligonga au hatukugonga, na swali limejibiwa au halikujibiwa. Anayejaza safu ya kwanza tu atajidanganya.

Dalili: kombora halikutoka

Hapa swali la kwanza ni moja: lilikataa, au lilishindwa? Kukataa ni pale kompyuta ilipoona jambo na kuamua kusimamisha. Kushindwa ni pale amri ilipotoka na chuma hakikutii. Mambo haya mawili huonekana sawa kwa mtu aliyesimama nje, ila vyanzo vyake haviko hata kwenye jengo moja.

Desemba 2004, jaribio la IFT-13C lilisimama lenyewe sekunde 23 kabla ya kurushwa. Kompyuta ilikuwa ikihesabu ujumbe uliopotea kati ya sehemu moja na nyingine ndani ya kombora, na kiwango cha upotevu kilichoruhusiwa kilikuwa kimewekwa kikali kupita kiasi. Hakuna kilichovunjika. Kombora lilikuwa zima, likazuiwa na mlinzi wake mwenyewe. Ukikutana na dalili hii, usikimbilie kulegeza kiwango. Kwanza thibitisha kwamba upotevu huo haudhuru kitu, ndipo ulegeze. La sivyo utakuwa umezima king'ora huku moto unawaka.

Miezi miwili baadaye, Februari 2005, IFT-14 nayo haikutoka. Dalili ni ile ile, chanzo kiko mbali kabisa. Ndani ya shimo kuna mikono ya chuma inayolishika kombora lisiyumbe, na mikono hiyo lazima ijikunje kabla ya moto kuwaka. Mmoja haukujikunja sawasawa, kompyuta ikasimamisha kila kitu. Shimo hilo lilikuwa Kwajalein, kisiwa chembamba kilichozungukwa na bahari, na hewa yake imebeba chumvi mchana na usiku. Chumvi hiyo ilishuka shimoni pamoja na unyevu, ikakaa kwenye chuma, ikala taratibu. Mtu anayekagua kombora pekee hawezi kuiona, maana mkono ule si sehemu ya kombora. Kwa hiyo orodha yako ya ukaguzi ifike hadi kwenye ukuta wa shimo, bawaba, mlango, na mtaro wa maji.

Halafu kuna mipangilio. Desemba 2006, meli ya kivita ya Marekani, Lake Erie, ilishindwa kurusha SM-3 kwa sababu mfumo ulikuwa umewekewa mpangilio usio sahihi. Tatizo la aina hii halihitaji maabara. Linahitaji karatasi inayoonyesha kila swichi iliwekwa wapi, nani aliiweka, na nani wa pili aliyeithibitisha.

Dalili: limepaa, likafia njiani

Soma grafu ya msukumo. Kama msukumo umekoma pale hatua moja inapoipisha nyingine, tazama kiwashio na mfululizo wa amri. Januari 2018, SM-3 Block IIA ilikosa shabaha kwa sababu injini ya hatua ya tatu haikuwaka. Kama injini imewaka halafu likatokea jambo la ghafla, tazama injini yenyewe. Septemba 2011, SM-3 Block IB iliharibikiwa katika hatua hiyo hiyo ya tatu, ambayo huwaka mara mbili kwa mapumziko katikati. Mapumziko hayo ni sehemu ya usanifu, si muda wa kusubiri tu, na urefu wake uchunguzwe kama unavyochunguza chuma.

Ila kabla ya kulaumu injini, uliza kama kuna amri ya kujilipua. Juni 2017, kombora la SM-3 lililorushwa kutoka meli ya John Paul Jones lilijiharibu likiwa safarini. Injini zilikuwa nzima. Baharia mmoja alikuwa ameiwekea shabaha alama ya chombo rafiki kwenye mfumo wa mawasiliano, na kombora likafanya lilichofundishwa kufanya: halipigi rafiki. Tatizo hapa ni skrini iliyoruhusu kosa hilo lipite bila kuuliza mara ya pili, na hapo ndipo marekebisho yanapofaa kufanyika.

Dalili: kichwa hakikuachana na roketi

Hii ni dalili ya zamani na inayorudi. Ilitokea Julai 2000 katika IFT-5, ikatokea Desemba 2002 katika IFT-10, ikatokea tena Julai 2013 katika FTG-07. Ukiitazama kwenye data ni rahisi kuitambua: injini ya mwisho imezima, wakati wa kuachana umepita, na kichwa bado kinatembea na mzigo mzito mgongoni.

Panda ngazi tatu, moja moja, bila kuruka.

Amri ilitolewa? Kichwa au roketi ilijua kwamba wakati umefika? Mara nyingine kompyuta haikutoa amri kwa sababu ilikuwa haijui kwamba injini imezima, au kwa sababu yenyewe ilikuwa imezimika. FTG-07 iko hapa. Uchunguzi uliishia kwenye betri: kemikali ilivuja, volteji ikayumba, na kompyuta ya safari ikazimika pale ilipotakiwa zaidi. Betri za makombora hukaa kimya miaka mingi, huamshwa mara moja, na hufanya kazi kwa dakika chache. Huwezi kuijaribu hasa ile utakayoirusha, unajaribu dada zake tu. Kwa hiyo umri na kundi la uzalishaji vina uzito mkubwa kuliko kipimo chochote cha volteji unachokisoma asubuhi ya kurusha.

Amri ilifika? Katika IFT-5, njia ya data kwenye roketi ilikufa na ujumbe wa kuachana haukukifikia kichwa. Angalia hapa kama ujumbe mwingine wa njia hiyo hiyo nao ulikatika, na ulikatika sekunde gani. Njia ikifa nzima, mshukiwa ni njia. Ujumbe mmoja ukipotea na mingine ikapita, mshukiwa ni aliyeutuma au aliyetakiwa kuupokea. Wakati huo huo, IFT-5 ilikuwa na kasoro ya pili: puto la kudanganyia kwenye upande wa shabaha halikujaa. Matatizo mawili yasiyojuana katika safari moja si jambo la ajabu kwenye kazi hii, na mchunguzi asijilazimishe kuyaunganisha.

Chuma kilitii? Amri imetoka, imefika, na bado kichwa kimeshikwa. Hapo nenda kwenye kifungo chenyewe, nyaya zake, na mtetemo wa kupaa uliovipitia vyote.

Jambo lililonigusa zaidi kwenye FTG-07 ni kwamba kichwa cha muundo ule kilikuwa tayari kimegonga mwaka 2006, 2007 na 2008. Kugonga mara tatu hakukuondoa udhaifu wa betri. Kulionyesha tu kwamba katika safari zile tatu haukujitokeza.

Dalili: kichwa kimeachana, lakini hakioni

Angani kichwa hutafuta joto. Shabaha iko mbali, ni nukta hafifu, nayo hutoa miali ambayo kihisi hakiwezi kuitofautisha na joto lake mwenyewe kikiwa hakijapozwa. Kwa hiyo kihisi hupozwa hadi baridi kali kwa gesi inayopita kwenye bomba jembamba sana. Fikiria uwazi wa ndani wa bomba hilo na chembe moja ya unyevu iliyobaki wakati wa kujaza gesi. Gesi ikipoa, chembe ile huganda. Barafu ndogo isiyoonekana kwa jicho huziba njia, kihisi huanza kupata joto, na picha hujaa ukungu wake yenyewe.

Januari 2000, katika IFT-4, bomba la kupozea liliziba, na vihisi vya joto vikapotea katika sekunde sita za mwisho. Kila kitu kabla ya hapo kilikwenda. Kwa kasi ya kilomita kama 7 kwa sekunde, sekunde sita ni zaidi ya kilomita 40, na umbali huo wote kichwa kiliumaliza kikiwa kipofu. Haikuwa mara ya kwanza. Februari 1983, jaribio la kwanza kabisa la HOE, mradi wa awali wa Marekani wa kugonga kombora angani, lilishindwa pia kwa sababu ya upoaji wa kihisi.

Kutofautisha vyanzo si kugumu ukiwa na grafu nzuri. Kelele kwenye picha ikiongezeka polepole kabla ya kupotea, ni baridi inayoondoka. Picha ikikatika papo hapo, ni umeme au waya. Picha ikiwa safi kabisa ila haina kitu ndani yake, kihisi ni kizima na kimeangalia pasipo shabaha, na hapo rudi kwa waliokielekeza: rada, hesabu, mawasiliano ya safarini. Picha ikiwa na vitu vingi na kichwa kikachagua kisicho, tatizo liko kwenye uchaguzi, na usimguse fundi wa kihisi hata kidogo.

Dalili: kinaona, kinafukuza, kinapita kando

Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo nitakaa zaidi. Kichwa kina macho, kina kifaa cha ndani kinachopima mwendo wake na kugeuka kwake, na kina misuli, yaani visukumizi. Shabaha ikikoswa kwa kidogo, mmoja wa hawa watatu ndiye aliyekosea. Weka mistari miwili kwenye grafu moja: msukumo ulioamriwa na msukumo uliopatikana. Mistari ikiachana, ni misuli. Mistari ikifuatana vizuri na bado kichwa kimekosa, basi misuli imetii amri mbaya, na amri mbaya hutoka kwa macho au kwa kipima mwendo.

Misuli kwanza. Juni 2003, kichwa cha SM-3 kilikosa shabaha kwa sababu ya hitilafu kwenye mfumo wa visukumizi: sehemu ya vali inayoelekeza gesi ya moto ilipasuka. Januari 2016, katika safari ya kujaribu visukumizi vya muundo mpya vya GBI, safari ambayo haikupangiwa kugonga, kimoja kati ya visukumizi vinne hakikufanya kazi ilivyotarajiwa. Visukumizi vinne vimepangwa kama pembe za msalaba, hivyo kimoja kikifa kichwa hakipotezi robo ya nguvu, hupoteza upande mzima. Kichwa kinachoweza kwenda juu, chini na kushoto tu ni kichwa kisichoweza kwenda kulia.

Sasa FTG-06 ya Januari 31, 2010. Soma kesi hii kwa makini, kwa sababu inafundisha zaidi kuliko majaribio mengi yaliyogonga. Shabaha ilitoka Kwajalein, kombora likatoka Vandenberg. Rada kubwa ya baharini ya SBX haikufanya kazi ilivyotarajiwa. Uchunguzi ungeweza kuishia hapo, kwa sababu chanzo kilikuwa kimepatikana na kilitosha kueleza kukosa. Haukuishia hapo. Ndani ya kichwa ilionekana kwamba kwenye kisukumizi kimoja haukufungwa waya wa kuzuia kulegea.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya ndege anaujua waya huu. Kichwa cha bolti kina kitundu. Unapitisha waya mwembamba, unausokota kwa koleo, unaupeleka kwenye bolti ya jirani na kuufunga kwa namna ambayo bolti moja ikitaka kulegea, waya unaivuta ile nyingine ikaze. Kazi ya dakika chache. Ukisahaulika, bolti haionyeshi chochote mezani, inakaa imekaza vile vile. Ni mtetemo wa safari ndio unaoilegeza. Ukaguzi wa macho pekee ndio ungeuona, na macho yale yalipita.

Wakatengeneza vyote viwili na Desemba 15, 2010 wakarusha FTG-06a. Rada ilifanya kazi. Kichwa kiliachana, kikafika, kikakosa. Na sababu ilikuwa ya tatu, mpya kabisa: visukumizi vilipowaka kwa nguvu na haraka vilitoa mtetemo wa kasi kubwa, mtetemo ukaingia kwenye kipima mwendo, na kifaa hicho kikaanza kuripoti mwendo usiokuwepo. Kichwa kilikuwa kikijisahihisha dhidi ya mtikisiko wake mwenyewe.

Hapo utaona kwa nini nilisema sekunde ya kushindwa ni mpaka. Katika FTG-06, hitilafu zilizotangulia zilisimamisha hadithi kabla kipima mwendo hakijafikiwa na zamu yake. Ugonjwa wa mtetemo ulikuwemo humo tayari, umejificha nyuma ya waya na rada. Aliyesema baada ya FTG-06 kwamba sasa tumejua tatizo, alikuwa amejua matatizo ya upande wa huku wa mpaka tu.

Kuna sababu nyingine ya ugonjwa huo kutokuonekana mapema. Ardhini kichwa hufungwa kwenye meza nzito ili kipimwe, na meza nzito humeza mtetemo. Angani hakuna meza. Kichwa huelea, na kila pigo la kisukumizi hurudi ndani ya mwili wake wote. Kwa hiyo kipimo cha ardhini kikisema safi kwa kitu kinachohusu mtetemo, uliza kwanza kilifungwa kwa nini na kwa uzito gani.

Dawa yake ilikuwa ya mpangilio mzuri. Kipima mwendo kilitengwa na mtetemo kwa kuwekewa kitanda cha kuufyonza. Kisha, Januari 26, 2013, kombora lilirushwa bila shabaha yoyote, kichwa kiachwe huko juu kiwashe visukumizi vyake na kupimwa kama kipima mwendo kimetulia. Kilitulia. Juni 22, 2014, katika FTG-06b, kikagonga. Ilikuwa imepita miaka mitatu na nusu tangu FTG-06a ilipokosa. Ukaguzi wa Bunge la Marekani ulikadiria kwamba gharama ya kurekebisha na kuonyesha uwezo wa kichwa hicho ilipanda kutoka dola milioni 236 hadi zaidi ya bilioni 1.2. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulijengwa kwa bei hiyo.

Safari ile ya Januari 2013 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Haikuwa na cha kugonga, kwa hiyo haikuwa na picha ya moto ya kuonyesha. Ilikuwa na swali moja na jibu moja.

Dalili: kila jaribio linashindwa kwa sababu tofauti

Hii si dalili ya kombora, ni dalili ya mradi. HOE ilishindwa mara tatu mwaka 1983: upoaji wa kihisi, kisha elektroniki za kuongoza, kisha programu ya kompyuta. Ya nne, Juni 10, 1984, iligonga. Mlolongo huo ulikuwa wa afya, kwa sababu kila kushindwa kulitokea mahali papya na chanzo cha awali hakikurudi.

THAAD ya miaka ya 1990 ilikuwa na sura nyingine. Kuanzia Desemba 1995 hadi Machi 1999 ilikosa mara sita mfululizo: programu, kuachana, kihisi, uchafu kwenye kiunganishi cha umeme, na kadhalika. Ukizitazama moja moja, kila sababu ni ndogo na imerekebishwa. Ukizitazama pamoja, unaona kiwanda kinachopeleka angani vitu ambavyo vingekamatwa mezani. Jopo lililoongozwa na Jenerali mstaafu Larry Welch mwaka 1998 lilisema waziwazi kwamba ratiba za majaribio zilikuwa zikikimbilia kushindwa: haraka ya kurusha ilikuwa imekula muda wa kupima ardhini.

Ukiona dalili hii, usitafute hitilafu ya saba. Simamisha urushaji, chukua orodha ya hitilafu zote zilizopita, na kwa kila moja andika kipimo cha ardhini ambacho kingeikamata na kwa nini hakikufanyika. Majibu yakifanana, chanzo chako ndicho hicho.

THAAD iligonga Juni 10, 1999 na tena Agosti 2, 1999. Walikuwa na kila kishawishi cha kuendelea kurusha wakati mkono una bahati. Badala yake majaribio yalisimama, kombora likasanifiwa upya, na halikupaa tena hadi Novemba 2005. Safari hiyo ya kwanza ya kombora jipya haikuwa na shabaha.